Ramani ya Seli za Kinga Yaeleza Namna Kifua Kikuu Kinavyojificha Mapafuni

Kwa muda mrefu, hali ya kinga ya mwili imekuwa ikipimwa zaidi kupitia damu. Maabara huhesabu chembe nyeupe, na idadi hiyo humsaidia daktari kufanya uamuzi. Hata hivyo, mapambano mengi dhidi ya maradhi hufanyika ndani ya tishu za viungo kama mapafu, ini na utumbo. Huko, pamoja na idadi ya seli za kinga, ni muhimu kujua kila seli iko wapi na imepakana na seli gani.

Njia nyingi za awali za kuchunguza tishu ziliwalazimu wataalamu kuisaga ili kutenganisha seli zake. Ni sawa na kubomoa nyumba ili kuhesabu wakazi wake: idadi hupatikana, lakini haijulikani tena nani aliishi chumba kipi.

Teknolojia za kuchora ramani ya seli huiacha nyumba hiyo ikiwa imesimama. Kipande chembamba sana cha tishu huwekwa juu ya kioo, kisha hupakwa kingamwili zilizofungiwa rangi au metali, kila moja ikinata kwenye protini ya aina moja tu. Mashine husoma alama hizo nukta kwa nukta, na kompyuta hubainisha aina ya kila seli na majirani zake. Njia nyingine, iliyotangazwa na watafiti wa Stockholm, Sweden, mwaka 2016, husoma jeni zinazofanya kazi katika kila sehemu ya tishu.

Umuhimu wa ramani hizo unaonekana wazi katika kifua kikuu, ugonjwa ambao bakteria wake alitangazwa na Robert Koch mwaka 1882. Bakteria huyo anapoingia mapafuni, seli za kinga humzingira na kujenga kivimbe kiitwacho granuloma. Kwa kawaida, katikati hukaa makrofaji, yaani seli zinazomeza vimelea, na pembezoni hukaa seli T. Boma hilo huweza kuudhibiti ugonjwa kwa miaka mingi, lakini wakati mwingine bakteria huendelea kuishi humo humo.

Mwaka 2022, watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha katika jarida la Nature Immunology ramani za granuloma zilizotokana na tishu za binadamu. Walibaini kuwa makrofaji ndani ya maboma hayo walibeba kwa wingi protini za PD-L1 na IDO1, ambazo hutuliza seli T. Kwa maneno mengine, askari wapo karibu na adui, lakini wamezungukwa na ishara zinazowazuia kushambulia. Hesabu ya seli pekee isingeonesha jambo hilo.

Ugunduzi huo haumaanishi kwamba kuondoa kizuizi hicho ndiyo tiba. Dawa zinazokiondoa hutumika kutibu baadhi ya saratani, na wapo wagonjwa walioripotiwa kupata kifua kikuu baada ya kuzitumia. Kinga ikizidi kiasi, nayo huweza kuharibu mapafu. Ndiyo maana wataalamu wanahitaji ramani kamili kabla ya kubuni dawa na chanjo mpya.

Kwa sasa, teknolojia hii ni nyenzo ya utafiti na si kipimo cha kawaida cha kifua kikuu. Ugonjwa huo hugunduliwa kwa kupima makohozi, na picha ya kifua husaidia uchunguzi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa uliua watu milioni 1.25 mwaka 2023, ingawa unatibika kwa dawa ambazo kwa kawaida hutumiwa miezi 6. Nchini Tanzania, matibabu yake hutolewa bila malipo katika vituo vya umma.

Mwananchi mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni, jasho jingi usiku au anayepungua uzito anashauriwa kufika mapema katika kituo cha afya, na akianza dawa azimalize hata akijisikia nafuu.