Hasira Iliyofichwa Kinywani

Kwetu Isansa, jirani zetu Wanyakyusa wana habari itufaayo. Bibi Monica Wilson alikaa kwao Rungwe katika miaka ya 1930, akaziandika desturi zao. Wazee waliamini kwamba baba akinung'unika kwa hasira, mwanawe huweza kuugua, ijapokuwa hakutamka laana yo yote mbele ya watu. Dawa yake ilikuwa nini? Sharti aiseme hasira yake waziwazi, kisha apulize maji kwa kinywa, kumbariki mtoto. Akificha neno moyoni, baraka haikufaa kitu.

Sisi hatuyaogopi manung'uniko kama uchawi. Lakini mwalimu amwambiaye mtoto kila siku kwamba hana akili, amemtendea nini? Na mume na mke walalao pasipo kusemezana, nao Jumapili huimba pamoja? Hapo wazee wametushinda, nami nakiri.

Wamoraviani, walioanza kazi Rungwe mwaka 1891 na baadaye Mbozi, walikuwa na desturi ya kale: kabla ya Meza ya Bwana mshiriki alikwenda kuzungumza faragha na mchungaji, na mwenye ugomvi alihimizwa kupatana kwanza na nduguye.