Marekani: Mpini wa kifaa cha kurusha rangi, kazi ya milimita na ya tahadhari

Mtu wa Goma, Bunia ao Uvira akiona picha ya kijana aliyefunika uso, ameshika chombo cheusi chenye mtutu mrefu, hatafikiri juu ya mchezo. Lakini huko Marekani picha kama hiyo inaweza kuwa ya Jumamosi ya kawaida tu: vijana na wafanyakazi wa ofisi wanarushiana vipira vya rangi porini. Mchezo huo unaitwa peintiboli. Kati ya wanaoupenda kuna wale wanaokesha kwenye kompyuta wakichora kipande kimoja kidogo, yaani mpini wa mbele, pale mkono wa pili unaposhika.

Chombo chenyewe hakikutengenezwa kwa ajili ya kupigana. Kampuni ya rangi ya Nelson ilikiuza, kwa jina la Nel-Spot 007, kwa watu wa misitu waliotaka kutia alama kwenye miti na kwa wafugaji waliotaka kutia alama ng'ombe kwa mbali. Tarehe 27 mwezi wa sita mwaka wa 1981, wanaume 12 wakaingia nacho katika msitu wa Henniker, jimbo la New Hampshire, kuwindana na kutafuta bendera. Aliyeshinda alikuwa mtu wa misitu, na inasimuliwa kwamba hakurusha hata kipira kimoja. Hadi leo wachezaji wengi hawapendi kukiita bunduki. Wanasema marka, chombo cha kutia alama.

Marka ya wakati ule ilikuwa kama bastola, ikishikwa kwa mkono mmoja. Baadaye mtutu ukarefuka, chupa ya hewa ikaongezwa, na mkono wa pili ukahitaji mahali pake. Viwanda vinauza mipini tayari, ila vinaitengeneza kwa mkono wa mtu wa kati. Mwenye vidole vifupi, ao mwenye kucheza tangu asubuhi hadi jioni, analalamika kifundo cha mkono. Fundi wa chukudu anajua maneno hayo: mti wa kushikia ukikosa kipimo cha msukumaji, mgongo ndio unalipa.

Kwa hiyo kazi inaanzia mkononi, kabla ya kompyuta. Njia rahisi ni kubandika udongo wa kufinyangia kwenye marka, kuushika kama unavyoshika mchezoni, kisha kupima alama zilizobaki kwa kalipa. Kwa watu wengi kipenyo cha milimita 30 hadi 40 kinafaa. Kikipungua sana, vidole vinakunjana na kuchoka haraka. Kikizidi, mkono unakosa nguvu ya kubana. Glavu nayo ihesabiwe, maana mpini uliopimwa kwa mkono mtupu unakuwa mnene siku ya mchezo. Halafu kuna mwinamo: mpini uliosimama wima kabisa mara nyingi unapinda kifundo, na nyuzi chache tu za kuuinamisha zinatosha kukinyoosha. Vile vijishimo vya vidole vinavyopendeza kwenye picha, mimi naona ni hasara. Vinamfaa mtu mmoja, kwa namna moja ya kushika, na akisogeza mkono kidogo tu vinamchoma.

Sehemu ngumu zaidi ni namna ya kuufunga. Marka nyingi za kuchezea porini zina reli chini ya mtutu, yenye upana wa milimita 21 hivi, kwa kipimo kiitwacho Picatinny ambacho jeshi la Marekani lilikikubali mwaka wa 1995. Hapo mpini unaingia na kukazwa kwa skrubu, basi. Lakini kwenye marka za mashindano, mpini wa mbele mara nyingi ndio regileta yenyewe, kifaa cha kupunguza presha ya hewa, na hapo makosa yanaweza kumtoa mtu damu.

Chupa ya hewa inabeba bari 200 hadi 300. Regileta iliyo juu ya chupa inashusha hadi karibu bari 55, kisha ile ya mbele inashusha tena. Tairi la Fuso lililojaa vizuri lina bari 7 ao 8 tu, na kila aliyesimama karibu na tairi likipasuka anajua kishindo chake. Plastiki iliyochapwa kwa mashine nyumbani imejengwa kwa matabaka yaliyobandikwa moja juu ya lingine, na yanapogusana ndipo udhaifu wake ulipo. Kwa hiyo hewa isipite hata kidogo ndani ya plastiki hiyo. Regileta ya chuma inabaki ilivyotoka kiwandani, na mchoraji anatengeneza ganda la kuivika tu, akiacha wazi skrubu ya kurekebisha presha na nafasi ya milimita 0.2 hadi 0.4 ili ganda lisikwame.

Plastiki ya bei ndogo, PLA, inaanza kulainika kwenye nyuzi joto 60 hivi, na gari lililoachwa juani linaweza kuipinda. Wenye uzoefu wanachagua PETG ao nailoni, na mahali pa skrubu wanazamisha kokwa za shaba kwa moto.

Kuna pia sura. Anayechora mpini wake mwenyewe anaamua chombo kifanane na nini, na wengi wanachagua sura ya bunduki ya kivita. Sheria ya Marekani ya mwaka wa 1988 inataka bunduki za kuchezea ziwe na alama ya rangi ya chungwa, lakini marka za peintiboli hazimo katika sheria hiyo. Mwezi wa 11 mwaka wa 2014, mjini Cleveland, polisi walimpiga risasi Tamir Rice, mtoto wa miaka 12, naye akafa. Alikuwa na bunduki ya kuchezea ya aina nyingine, isiyo na tena ile alama ya chungwa. Familia nyingi za Wakongomani zinaishi katika miji ya Marekani leo, na watoto wao wanaalikwa kwenye michezo hii kama watoto wengine. Mzazi aliyekimbia Kivu hahitaji kufundishwa askari anaona nini kwa sekunde mbili.

Mpini wa kijani ama wa njano haugharimu zaidi ya mweusi. Ni kubadilisha tu uzi wa plastiki kwenye mashine. Nje ya uwanja marka inakaa ndani ya mfuko uliofungwa, mtutu umevikwa kifuniko. Na hata siku ya kujaribu mpini mpya nyuma ya nyumba, kinga ya macho inavaliwa kwanza: kipira cha milimita 17 kinaweza kutoka kwa kasi ya mita 90 kwa sekunde.