Saratani ya ini kwa watoto: kupona, na kupona ukiwa bado unasikia

Ukitaja saratani ya ini, wengi wetu tunamfikiria mtu mzima: pombe, homa ya ini, sumukuvu kwenye mahindi. Sasa mtoto wa mwaka mmoja na nusu, ambaye hata uji anachagua, anaipataje?

Jibu fupi: huyo huwa na saratani nyingine kabisa. Inaitwa hepatoblastoma, na ndiyo saratani ya ini inayoongoza kwa watoto wadogo, hasa walio chini ya miaka mitatu. Hata hivyo ni adimu sana: kila mwaka hupatikana kwa mtoto mmoja au wawili hivi katika kila watoto milioni moja.

Inatoka wapi?

Mtoto akiwa tumboni, seli changa za ini hukua kwa kasi, halafu hukomaa na kutulia. Katika hepatoblastoma baadhi ya seli hizo hazikomai. Ni kama zimebaki utotoni. Mara nyingi kosa liko kwenye jeni ya CTNNB1, ambayo hutengeneza protini ya kuiambia seli igawanyike. Jeni ikiharibika, amri hiyo haizimiki.

Watoto waliozaliwa njiti wakiwa na uzito mdogo sana wako kwenye hatari zaidi, na pia wenye magonjwa fulani ya kurithi. Lakini kwa watoto wengi hakuna sababu inayoonekana. Kwa hiyo mama asijilaumu kwa alichokula wakati wa ujauzito.

Inagunduliwaje?

Mara nyingi mzazi ndiye anayegundua, akimwogesha mtoto: tumbo limejaa upande wa juu kulia, kuna kitu kigumu, na mara nyingi mtoto halii ukikigusa. Tumbo kubwa si lazima iwe minyoo. Likiendelea kukua au likiwa na uvimbe mgumu, apimwe kwa ultrasaundi.

Kipimo kingine ni cha damu. Ini la mtoto aliye tumboni hutengeneza protini iitwayo AFP, na baada ya kuzaliwa kiwango chake hushuka taratibu. Takriban watoto 9 kati ya 10 wenye hepatoblastoma huwa na AFP iliyopanda sana. Uzuri wake ni kwamba inashuka tiba ikifanya kazi, na ikipanda tena inawashtua madaktari mapema.

Tiba imefika wapi?

Zamani tegemeo lilikuwa kisu peke yake, na watoto 3 hivi tu kati ya 10 ndio waliopona. Mambo yalibadilika ilipokuja dawa ya sisplatini. Dawa hii husinyaza uvimbe kwanza, kisha daktari wa upasuaji anaukata. Ini nalo lina maajabu yake: unaweza kuondoa zaidi ya nusu na likakua tena. Uvimbe ukienea kote, mtoto huhitaji kupandikizwa ini jingine. Leo, kwenye vituo vyenye huduma zote hizi, takriban watoto 8 kati ya 10 wanapona.

Lakini sisplatini ina gharama yake. Inaua seli ndogo za sikio la ndani zinazopokea sauti, na seli hizo hazioti tena. Hebu fikiria: mtoto anapoteza usikivu katika umri uleule wa kujifunza kuongea. Amepona, lakini darasani hasikii vizuri.

Ndiyo maana utafiti uitwao SIOPEL 6, uliochapishwa 2018, ulileta furaha. Watoto ambao saratani yao haikuwa imesambaa waligawanywa makundi mawili. Wote walipewa sisplatini, lakini kundi moja liliongezewa sodiamu thiosulfati saa 6 baadaye. Kwa nini kusubiri? Ili sisplatini imalize kazi yake kwenye uvimbe kabla haijazimwa. Waliopoteza usikivu walikuwa asilimia 33, dhidi ya asilimia 63 kwenye kundi lingine, na hapakuwa na dalili kwamba saratani ilinufaika na kinga hiyo.

Na watoto wakubwa?

Watoto wakubwa kidogo na vijana hupata zaidi saratani ya ini ile ya watu wazima. Hii ni sugu kwa dawa, na isipoweza kukatwa yote, wanaopona ni wachache. Habari njema ni kwamba nyingine inazuilika, kwa sababu kirusi cha homa ya ini B ni kisababishi kikubwa. Taiwan ilianza kuchanja watoto wachanga mwaka 1984, na saratani hii ikapungua kwa watoto wake.

Kwetu, kinga hiyo imo ndani ya chanjo ya pentavalenti ya wiki ya 6, 10 na 14. Kwa hiyo ile sindano inayomliza mtoto kliniki inazuia saratani pia. Ukiwa na kadi ya mtoto karibu, hebu iangalie kama dozi zote tatu zimejazwa.