Huzuni sugu: Sindano pekee haitoshi bila mazungumzo

Yamkini, msomaji, dawa tunayoizungumzia leo imewahi kupita katika mishipa yako bila wewe kujua jina lake. Ikiwa uliwahi kuvunjika mkono utotoni ukapelekwa hospitalini kunyooshwa mfupa, au mama mmoja katika jamaa yenu alipasuliwa usiku wa manane ili mtoto aokolewe, huenda daktari alitumia ketamini. Hii ni dawa ya nusukaputi, yaani ya kumlaza mgonjwa asihisi kisu. Bei yake ni nafuu, haihitaji mitambo mingi, na tangu mwaka 1985 imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Lakini kwa zaidi ya miaka ishirini sasa, dawa hiyo hiyo imekuwa ikijadiliwa nje ya chumba cha upasuaji. Huko Marekani, Uingereza na kwingineko, madaktari wa akili wanaitumia kuwatibu watu wenye huzuni sugu, ile isiyosikia dawa za kawaida, ile inayomfanya mtu mzima ashinde kitandani akitazama ukuta. Swali linalowagawanya madaktari hao ndilo tunalotaka tulitazame pamoja: Je, sindano yatosha, ama ni lazima iandamane na mazungumzo baina ya mgonjwa na mtaalamu?

Ilikotoka

Ketamini ilitengenezwa mwaka 1962 na mwanakemia Calvin Stevens, kwa niaba ya kampuni ya Parke-Davis ya Marekani. Mwaka 1964 ilijaribiwa kwa binadamu kwa mara ya kwanza, na mwaka 1970 serikali ya nchi hiyo ikaidhinisha itumiwe hospitalini. Majeruhi wengi wa vita vya Vietnam walipasuliwa wakiwa wamelazwa kwa dawa hii.

Tangu mwanzo madaktari waliona jambo la ajabu. Mgonjwa alipozinduka alisimulia kwamba alijihisi ametengana na mwili wake, kana kwamba anajitazama akiwa mbali. Kwa daktari wa upasuaji, hilo lilikuwa kero. Kwa wengine, lilikuwa nafasi.

Mmoja wa hao wengine ni Evgeny Krupitsky, daktari wa Urusi. Kuanzia mwaka 1985, katika eneo la Leningrad, aliwatibu walevi sugu kwa hatua tatu. Kwanza alizungumza nao kwa kina juu ya maisha yao na kilichowatia kwenye chupa. Kisha walidungwa ketamini wakiwa wamelala, muziki ukicheza na mtaalamu akiwa kando yao. Mwishowe waliketi pamoja wakazungumzia waliyoyaona na namna ya kuyatumia maishani. Taarifa aliyoitoa mwaka 1997 ilionyesha kuwa baada ya mwaka mmoja, watu 73 kati ya 111 waliotibiwa hivyo walikuwa hawajagusa pombe. Katika kundi la watu 100 waliopewa tiba ya kawaida, walioshikilia ni 24 tu.

Hata hivyo, tusikimbilie kushangilia. Wagonjwa hao hawakugawanywa kwa kura, kwa hiyo hatuwezi kuwa na hakika kwamba makundi hayo mawili yalikuwa sawa tangu mwanzo.

Nafuu ya siku chache

Huko Marekani mambo yalichukua mkondo mwingine. Mwaka 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walitoa taarifa kuhusu wagonjwa 7 tu wa huzuni ambao walipata nafuu ndani ya siku tatu baada ya kupewa ketamini kidogo kwa dripu. Mwaka 2006, taasisi ya serikali ya utafiti wa afya ya akili ikarudia jaribio hilo. Kati ya watu 17 waliopewa dawa, 12 walipata nafuu kubwa katika muda wa siku moja. Linganisha hilo na vidonge vya kawaida, ambavyo huchukua wiki kadhaa kabla ya kufanya kazi, nawe utaelewa kwa nini habari hizo zilienea kama moto nyikani.

La kusikitisha ni kwamba baada ya wiki moja, ni watu 6 tu miongoni mwa hao 17 waliokuwa wangali na nafuu hiyo. Huzuni ilikuwa imerudi kudai kiti chake.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Mtu aliyeonja mwanga kwa siku tano kisha akarudi gizani anaweza kuvunjika moyo kuliko hapo awali. Atasema, "Hata hii imenishinda." Familia nayo, ambayo ilikuwa imeanza kucheka tena mezani, hubaki haijui la kufanya.

Mazungumzo yanaingia wapi?

Wanaounga mkono kuunganisha tiba hizi mbili wana hoja inayoeleweka. Mwaka 2010, watafiti wa Yale walichunguza ubongo wa panya waliopewa ketamini wakaona kuwa seli za neva zilikuwa zimechipua viungo vipya vya kupashana habari. Ikiwa jambo kama hilo hutokea kwa binadamu, basi siku zinazofuata sindano ni kama shamba lililonyeshewa. Udongo ni laini, lakini mahindi hayajipandi. Ukikaa bila kupanda, magugu yale yale ya zamani yataota.

Ndiyo maana katika zahanati zinazofuata utaratibu huu, mgonjwa huonana na mtaalamu mara kadhaa kabla ya kuguswa na sindano. Huulizwa anatafuta nini, anaogopa nini, na nani yuko nyumbani. Siku ya dawa hulala, mara nyingi akiwa amefunikwa macho, huku dripu ikiingia kwa muda wa kama dakika arobaini na muuguzi akipima presha. Kesho yake au siku chache baadaye, hurudi kuzungumza. Kijana aliyeamini miaka yote kwamba baba yake alikufa kwa sababu yake, sasa anaweza kulitaja jambo hilo bila kuzama ndani yake. Mtaalamu humsaidia kulipa maana mpya na kupanga jinsi atakavyoishi wiki inayofuata.

Mwaka 2022, watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walitangaza matokeo ya jaribio la watu 96 wenye uraibu wa pombe. Baadhi walipewa ketamini na mazungumzo ya tiba, wengine ketamini na mafunzo ya kawaida juu ya pombe, na wengine maji ya chumvi badala ya dawa. Katika miezi sita, waliopata ketamini pamoja na tiba ya mazungumzo ndio waliokaa siku nyingi zaidi bila kunywa. Lakini jaribio lilikuwa dogo, na bado kuna madaktari wanaoshikilia kwamba kazi kubwa hufanywa na dawa yenyewe. Mjadala haujafungwa.

Tahadhari kabla ya hatari

Msomaji, usidhani kuwa hii ni dawa ya kuchezea. Hupandisha presha. Anayeitumia mara kwa mara bila uangalizi huweza kuharibu kibofu chake hata akojoe kwa maumivu makali. Tena huzoesha. Haimfai mtu mwenye ugonjwa wa kusikia sauti na kuona visivyokuwepo, wala mama mjamzito.

Kumbuka yaliyompata mwigizaji Matthew Perry wa Marekani, aliyefariki nyumbani kwake Oktoba 28, 2023. Alikuwa amewahi kutibiwa kwa ketamini kwa ajili ya huzuni, lakini iliyomuua aliipata kwa njia za magendo. Mwaka 2024, watu 5 walishtakiwa kuhusiana na kifo hicho.

Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha dawa ya puani iitwayo Spravato, iliyo ndugu wa ketamini, kwa wagonjwa wa huzuni sugu. Masharti yake ni makali: hupewi uende nayo nyumbani, lazima uangaliwe kwa saa mbili, wala hutaendesha gari hadi kesho yake. Ketamini ya kawaida bado haijaidhinishwa na serikali hiyo kwa ajili ya huzuni, ingawa madaktari wanaruhusiwa kuitoa kwa hiari yao, na wengi wanaoitaka hulipa mamia ya dola kutoka mifukoni mwao.

Yakuhusu nini?

Utauliza, mambo ya Yale na Exeter yanamhusu nini mtu wa Buruburu au Kisauni? Yanakuhusu, kwa sababu nusu ya tiba hiyo haiji kwa ndege. Mazungumzo na mtaalamu yanapatikana hapa petu. Vyuo vikuu vina washauri nasaha, na hospitali ya Mathari ina madaktari wa akili. Wewe mwanafunzi unayekosa usingizi na kukwepa rafiki zako, usingoje hadi mitihani ikushinde ndipo uubishe mlango huo.

Nawe mzazi, ukisikia mtu yeyote akitangaza sindano ya kuondoa huzuni kwa siku moja, muulize maswali haya. Je, wewe ni daktari uliyesajiliwa? Nani atapima presha ya mwanangu? Nani atazungumza naye kabla na baada ya dawa? Nafuu ikipungua wiki ijayo, tutamwona nani? Asiyekuwa na jibu la swali la mwisho, mwondokee.

Na kama mtu wa nyumbani kwako amesema anatamani kufa, usimkemee wala usimwambie ajikaze. Keti naye, msikilize, usimwache peke yake, na umpeleke hospitalini siku hiyo hiyo. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Maradhi ya moyo mzito nayo ni maradhi.