Staa haachi kujitazama kwenye kioo? Usimcheke kwanza

UNAIKUMBUKA ile staili ya nywele ya Ronaldo? Namsema yule Mbrazili, siyo huyu Mreno. Kombe la Dunia 2002, jamaa aliingia nusu fainali dhidi ya Uturuki kichwa kimenyolewa chote, mbele kimebaki kijipande cha nywele cha pembetatu. Dunia ikacheka. Mechi ikaisha 1-0, bao lake. Fainali akaitungua Ujerumani mara mbili.

Baadaye alikuja kufichua siri. Alikuwa na maumivu na kila mwandishi alikuwa anauliza hilo tu, akanyoa vile makusudi ili wahamie kwenye nywele. Wakahama kweli.

Hila ile ilifanikiwa kwa sababu jicho likishanaswa na kitu kimoja, mengine yote linayaacha. Sasa wapo watu ambao jicho lao linawafanyia wenyewe mchezo huo kila siku, na hawajui namna ya kulizima.

Ugonjwa wao unaitwa disimofia ya mwili. Daktari wa Italia, Enrico Morselli, aliuandika tangu 1891, kwa hiyo usiisingizie simu peke yake. Mgonjwa anaona kasoro kubwa kwenye pua, ngozi, nywele au miguu yake, wakati wewe ukimwangalia huoni kitu, au unaona kidogo sana. Anaweza kumaliza saa nzima kwenye kioo, au akakikimbia kioo kabisa. Tafiti za Ulaya na Marekani zinakadiria watu kama wawili kati ya 100. Jaza Uwanja wa Mkapa, watu 60,000, hapo unazungumzia watu 1,200.

Siyo kila anayejali sura ni mgonjwa. Wayne Rooney alipandikiza nywele 2011, akatangaza mwenyewe, akarudi kufunga mabao. Huyo hana neno. Kazi ipo kwa yule ambaye hata akirekebishwa pua, bado haoni nafuu, au anahamia kwenye masikio.

Picha iliyosimamishwa

Umeshamuona refa akiitwa kwenye VAR, akasimamishiwa picha moja: mpira umegusa mkono. Ukiitazama hiyo peke yake ni penalti, hakuna mjadala. Rudisha mchezo kwa kasi ya kawaida, unaona beki alikuwa anaanguka na mkono haukuwa na pa kwenda. Mgonjwa wa disimofia anaishi ndani ya ile picha iliyosimamishwa.

Na siyo kwa sura yake tu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2000 uliwapa wagonjwa mchoro mgumu wainakili: mstatili mkubwa, ndani yake mistari, pembetatu, duara lenye nukta tatu. Baadaye wauchore kwa kumbukumbu. Watu wengi huanza na ule mstatili, kisha wanajaza. Wagonjwa walikuwa wanaokota kipande kimoja kimoja bila kujenga umbo, na kwenye kumbukumbu wakapoteza mengi. Hata orodha ya maneno iliwasumbua, kwa sababu hawakuyapanga kwenye makundi.

Watafiti wa UCLA kule Los Angeles nao waliwapima ubongo wakitazama nyuso za watu wengine, baadaye hata picha za nyumba. Tofauti ikaonekana vilevile: ubongo unang'ang'ania vitu vidogo na unapata shida kuliona umbo zima. Hapo huwezi kusema ni majivuno. Nani anajivunia nyumba ya mtu?

Tafiti nyingine zimeonyesha wanakosea kusoma nyuso. Uso wa kawaida tu wanaweza kuuona umekasirika au unawadharau. Mfikirie kinda wa namna hiyo ametolewa dakika ya 60. Kocha hajasema kitu, amekunja mikono anaangalia mpira. Kinda anapita pale akiwa ameshahukumiwa kichwani mwake. Na ugonjwa huu mara nyingi huanza ujanani, umri uleule wa akademi.

Kuna aina yake inayowapata zaidi wanaume, hasa wa gym. Jamaa kajazia, shati linataka kupasuka, lakini kwenye kioo anajiona mwembamba kama mti wa kona. Harrison Pope wa Harvard na wenzake waliielezea 1993 baada ya kuchunguza watunisha misuli. Baadhi yao huishia kwenye dawa za kujaza misuli, na kwa mchezaji hiyo ni kifungo kinachoweza kufika miaka minne. Soka limekwisha.

Hapa na sisi wa jukwaani tumo. Tunajua kumpa mtu jina la kichwa chake, la miguu yake, la meno yake, na mimi nimecheka mara nyingi tu. Wengi wanazoea. Lakini huwezi kujua yupi anakwenda nalo nyumbani, na kwa wagonjwa hawa mawazo ya kujiua ni mengi kuliko kwa watu wengine.

Tiba ipo. Kuna dawa zilezile wanazopewa wenye sonona, na kuna tiba ya mazungumzo ya kubadili fikra na mazoea. Pa kuanzia ni kwa daktari wa afya ya akili, Muhimbili wapo, Mirembe ya Dodoma wapo. Kumwambia mtu "mbona uko poa tu" haisaidii, ameshaisikia mara mia.

Moja ya mazoezi anayopewa ni kusimama mbele ya kioo, siyo pua kwenye kioo, hatua kadhaa nyuma. Anajieleza kuanzia kichwani hadi miguuni, kwa maneno ya kawaida, bila kusema hiki kizuri wala kile kibaya. Kama mtangazaji wa redio anavyomwelezea mechi msikilizaji asiyeiona: nani ana mpira, yuko upande gani, anaelekea wapi.