Kukata filta ya oili: Kwa nini grinda na msumeno vinaweza kukudanganya

Gari likimwagwa oili, filta ya zamani huishia kwenye pipa la taka la gereji. Kumbe ndani yake kuna taarifa ambayo dashibodi haina: vipande vya chuma vilivyomeguka ndani ya injini na kunaswa na karatasi.

Mwenye gari anayeviona mapema anaweza kuponea kwenye kubadilisha beringi tu. Asiyeviona husubiri mpaka taa ya oili iwake au injini ianze kugonga. Hapo mara nyingi krankshafti imeshachimbika, injini imenoki, na bei ni nyingine kabisa.

Kwenye ndege ndogo hii ni kazi ya kawaida. Lycoming ya Marekani, ambayo injini zake zimo kwenye baadhi ya ndege za Cessna 172, huelekeza oili na filta vibadilishwe kila baada ya saa 50 za kuruka, na filta ifunguliwe ikaguliwe. Magari hayana ulazima huo, lakini filta zake hufunguka kwa njia ileile.

Swali ni moja: ikatwe na nini?

Grinda hapana

Fundi mwenye haraka atachukua grinda au msumeno wa chuma. Kopo litafunguka, tena fasta. Shida ni kwamba vyote viwili hukata kwa kusaga chuma, na unga wake huingia moja kwa moja kwenye karatasi. Baada ya hapo nani atajua kipi kimetoka kwenye injini na kipi kimetoka kwenye kopo? Mtu anaweza kufumua injini nzima bure.

Grinda pia hutoa cheche, na karatasi iliyolowa oili inaweza kushika moto.

Kuna na ule mchezo wa kutoboa filta kwa bisibisi ili ifunguke inapokuwa imekaza. Nao hupasua karatasi na kuacha vipande vya kopo ndani. Filta itakayokaguliwa itolewe kwa spana yake.

Kinachofaa

Chombo sahihi ni kikata filta. Kinafanana na kikata bomba cha mafundi bomba: kina kigurudumu chenye makali upande mmoja na rola upande wa pili. Kinakazwa kidogo, kinazungushwa, kinakazwa tena. Bati la kopo huachana bila kutoa unga.

Kabla ya kununua, mambo manne yaangaliwe:

1. Ukubwa. Filta nyingi za magari madogo zina kipenyo cha milimita 65 hadi 80. Za malori zinaweza kuvuka 100. Mwenye gari dogo na lori apime zote mbili kwanza.

2. Kigurudumu. Kiwe cha chuma kigumu, na kiwe kinaweza kubadilishwa. Kikiwa butu hukunja bati badala ya kulikata.

3. Rola. Zizunguke bila kuyumba. Zikiyumba, mstari haukutani na kopo linaishia kuchanika ovyo.

4. Mpini. Uwe mrefu wa kutosha kushikika vizuri kwa mikono yenye oili.

Si kila gari linahitaji kikata. Magari mengi ya BMW na Mercedes, na baadhi ya Toyota za miaka ya karibuni, yana filta ya karatasi tupu inayokaa ndani ya nyumba yake. Hiyo hukatwa kwa kisu tu.

Ukataji wenyewe

Filta iachwe imeinamishwa juu ya chombo safi, hata usiku mzima, ili oili ichuruzike. Ikatwe kwenye ukuta wa kopo, karibu na upande wenye nyuzi za kufungia, lakini si kwenye kile kitako kinene chenyewe. Glavu ni muhimu, maana ukingo uliokatwa ni wembe.

Karatasi ya ndani ikatwe kwa kisu pande zote mbili, ikamuliwe kwenye jiliwa, kisha mikunjo ifunguliwe na kutandazwa juani.

Kusoma kilichomo

Sumaku ndiyo kipimo cha kwanza. Kinachonasa ni chuma au chuma cha pua cha aina fulani, mfano kutoka kwenye kemshafti au ringi za pistoni. Kisichonasa na kina rangi ya fedha huenda ni aluminiamu, mara nyingi ya pistoni au beringi. Rangi ya shaba huelekeza kwenye beringi au bushi.

Punje chache ndogo sana si habari ya kutisha, hasa kwa injini mpya au iliyofumuliwa karibuni. Vipande vinavyoshikika kwa vidole ni kengele: gari lisimame na sampu ifunguliwe.

Vinyuzi laini vya mpira ni silikoni ambayo fundi alipaka kupita kiasi. Visipuuzwe, vinaweza kuziba chujio la kunyonyea oili. Utelezi mzito mweusi kama grisi ni dalili ya oili iliyochelewa kubadilishwa. Kwa dizeli, oili nyeusi tupu ni kawaida.

Filta moja haitoshi kutoa hukumu. Karatasi ikishatandazwa, ipigwe picha kwa simu pamoja na kilomita za siku hiyo. Oili ikimwagwa tena, picha mbili zikiwekwa pamoja zitaonyesha kama chuma kinapungua au kinaongezeka, na kikiongezeka, muda wa kumwita fundi umefika kabla injini haijaanza kugonga.