Mifupa Inayoungana

Gusa kichwa chako. Ni kigumu kama jiwe. Sasa gusa polepole sana kichwa cha mdogo wako mchanga, juu ya paji la uso. Kidole kinakuta mahali teketeke, panapopandapanda na kushuka. Si pumzi hiyo. Ni mpigo wa damu. Mahali hapo panaitwa utosi. Mfupa uko wapi? Haujafika bado.

Kichwa cha mtoto mchanga si mfupa mmoja. Ni vipande kama vigae vya chungu, vimeshikwa kwa utando mgumu. Kwa nini? Mtoto anapozaliwa hupita mahali pembamba. Vipande vinasogeleana, vinapandana kidogo, kichwa kinapungua, naye anapita. Tena katika mwaka wa kwanza ubongo unakua upesi sana. Kama mifupa ingekuwa imekwisha kuungana, ubongo ungekosa nafasi. Basi mifupa inakua polepole, na kingo zake zinafanya meno kama ya msumeno, yanayoingiana. Mara nyingi utosi hufunga mtoto akiwa na miezi 12 mpaka 18. Wengine hukawia hata miaka 2.

Mtoto mchanga ana vipande vya mifupa karibu 300, lakini mtu mzima ana mifupa 206 tu. Ile mingine haikupotea, imeungana. Chini ya uti wa mgongo, pingili 5 huwa mfupa mmoja. Mfupa wa paja nao huungana na ncha zake, na hapo mtu haongezeki tena urefu. Goti na kiwiko haviungani hivyo, maana tungetembeaje?

Wewe unayebeba mdogo wako mgongoni, tazama utosi wake. Ukiwa umebonyea kama kisahani, naye anahara au anatapika, maji yamepungua mwilini mwake. Hiyo ni hatari. Mtoto aweza kufa upesi. Watu wengine hupaka dawa juu ya utosi. Lakini utosi si mgonjwa: maji yamepungua ndani, na dawa ya kupaka hairudishi maji. Mwite mama mara moja. Mtoto anyonye mara kwa mara, apelekwe dispensari siku ile ile, apewe dawa ya unga inayochanganywa na maji safi. Njiani asiachwe bila kunyonya. Maji yakirudi mwilini, utosi unapanda tena mahali pake.